Mzunguko wa Madebe ya Maziwa

Njia ya Kisima cha Juu, Na. 7,
La Chapelle-Bourneau,
Vendée, Ufaransa.
Jumapili, 13 Novemba 2016.

Mpendwa mdogo wangu Gildas,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mkeo Line na binti yenu Maude, na kwamba theluji ya huko Kanada haijawafungia mlango bado. Mimi ni mzima wa mwili. Goti la kushoto linaniuma asubuhi, lakini hilo umeshalizoea. Baba anaendelea vizuri kuliko madaktari walivyotarajia. Mfupa wa bega unaunga, mbavu bado zinamchoma akikohoa, na juzi alikula sahani mbili za maharage meupe na paja la nguruwe, kisha akalalamika kwamba chumvi haitoshi. Akilalamikia chumvi ujue hafi leo.

Basi salamu zimekwisha. Nina hasira, Gildas. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, mimi ningekukatia simu, na tungebaki pale pale.

Jumapili iliyopita ulimpigia baba. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu hawezi kuinua mkono, nami nilikuwa nimesimama jikoni na birika la kahawa, nikasikia kila neno. Ulimwambia angeua watoto wa watu. Ulimwambia kila mtu anajua jinsi anavyosimama ndani ya mzunguko wa njia panda kama ng'ombe barabarani, na kwamba umefurahi amerudisha leseni. Yeye akajibu, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo." Mzee wa miaka themanini na nne ambaye hajawahi kumwambia mtu ndiyo mara mbili mfululizo. Na mimi nikanyamaza na birika langu mkononi. Hasira yangu inaanzia kwenye kunyamaza kule, ila usiwe na wasiwasi, na wewe una fungu lako.

Unachokijua kuhusu ajali ile si kweli. Baba amepoteza gari lake na jina lake kwa kosa lisilo lake. Soma mpaka mwisho kabla hujagusa simu.

Nianzie mbali kidogo, maana wewe uliondoka kabla mizunguko haijaota huku kila mahali kama uyoga. Wakati wako pale Msalabani palikuwa njia panda tu, na sheria ilikuwa ile aliyotufundisha baba: anayetoka kulia kwako mpishe, awe na trekta, awe na baiskeli, awe padri. Baba alipata leseni jeshini, akaendesha lori la maziwa miaka thelathini na saba kwa sheria hiyo moja. Hata mizunguko michache ya mjini enzi hizo ilikuwa vivyo hivyo: aliye ndani anasimama, anayeingia kutoka kulia anapita. Halafu mwaka themanini na nne serikali ikaigeuza. Aliye ndani ya mzunguko ndiye mwenye njia, na anayetaka kuingia atazame kushoto na asubiri. Baba alisikia habari hiyo redioni akasema wataibadilisha tena. Mpaka juzi alikuwa bado anangoja waibadilishe.

Mwaka elfu mbili na nane meya akajenga mzunguko pale Msalabani. Katikati wakapanga madebe sita ya zamani ya maziwa, wakayapaka rangi ya buluu. Mawili ni ya baba, aliyatoa mwenyewe, na siku ya uzinduzi wakampa mkasi akate utepe. Hapo ndipo walipoharibu. Tangu siku ile aliuona mzunguko ule kama ua wa nyumba yake. Aliingia na gari lake jeupe polepole, kama bado ana maziwa nyuma, akifika mbele ya kila njia anasimama, anamwinulia mtu vidole viwili kutoka kwenye usukani: pita, mwanangu.

Na kijiji kizima kikapita. Hilo ndilo linalonikaba. Hapa kwetu ikawa sheria ndogo juu ya sheria kubwa: ukiliona gari jeupe la Armel linakuja kushoto kwako, ingia tu, atasimama. Daktari aliingia, mleta barua aliingia. Ghislaine wa duka la mikate, ambaye mlango wake unatazamana na madebe, alikuwa akiwaambia wateja wenye haraka, "Ngojeni Armel apite, mtatoka upesi." Wageni walipiga honi na kutukana, nasi tukawacheka wageni.

Miaka minane mimi nilipiga kelele. Mimi dereva wa basi la shule, ninayepita pale mara nne kwa siku na watoto wa watu mgongoni. Nilimwambia baba kwamba ipo siku lori la mtu asiyemjua litampanda. Akanijibu, "Mtu akisimama kumpisha mwenzake amekosa nini? Siku hizi adabu nayo imekuwa kosa?" Nawe Krismasi iliyopita nilipokulilia kwenye simu ulicheka, ukasema mwache mzee, ng'ombe hazeeki maini. Ulisema hivyo, Gildas. Usijifanye umesahau.

Mwezi wa tisa ofisi ya kijiji iliandaa somo la Jumamosi kwa madereva wazee. Nilimpeleka kwa nguvu. Mwalimu alikuwa kijana mwenye ndevu za kuchongwa, akaonyesha picha ya mzunguko ukutani, akauliza nani anapita kwanza. Baba alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akajibu kinyume, na ukumbi mzima ukacheka, wakiwemo watu ambao amewapisha mpaka wamezeeka. Akasimama, akavaa kofia yake. "Kijana," akamwambia, "maziwa uliyokunywa utotoni niliyabeba mimi." Tukaondoka.

Jioni ile nikamwambia achague moja, ajifunze kwangu au anipe ufunguo wa gari. Unajua ufunguo ule ni nini kwake. Ni bustani yake ya kule Noue, na ni Alhamisi, siku ya kumpitia rafiki yake Fernand waende kucheza karata za aluette kijiji cha pili. Wewe umeshawaona. Mchezo wenyewe ni wa kukonyezana na mwenzako, na wale wawili wamekonyezana miaka arobaini. Fernand macho yamemwisha, hawezi kuendesha. Baba asipoendesha, wote wawili wanabaki kutazama ukuta, kila mmoja wake.

Akachagua kujifunza. Tulianza mezani. Sahani ya keki ndiyo madebe, vijiko vinne ndizo njia, vipande vya sukari ndiyo magari. Nilimfundisha kama ninavyofundishwa mimi kila mwaka kazini. Unakaribia, punguza mwendo. Tazama kushoto, mpishe aliye ndani, yeyote awaye, na wa baiskeli mtazame mara mbili. Ukishaingia, wewe ndiye mwenye njia. Usisimame hata akija bibi harusi. Ukiwa unazunguka kwenda mbali, washa indiketa ya kushoto. Ukikaribia kutoka, ya kulia. Njia yako imekupita, usikanyage breki, zunguka tena, madebe hayaendi popote.

Akasukuma sukari yake, ikafika mbele ya kijiko, ikasimama.

"Baba, umesimama."

"Kuna mtu."

"Ni kijiko, baba."

"Kijiko nacho kina haraka zake."

Nilitoka nje nikakaa na kuku kidogo, halafu nikarudi. Wiki tatu tulifanya hivyo. Jumapili, watu wakiwa kanisani, tulikwenda kuzunguka madebe yenyewe, mimi kiti cha pembeni nikisema usisimame, usisimame, kama mtu anayesali. Jumapili ya tatu alizunguka mara saba bila kusimama hata mara moja. Mara ya sita padri alikuja mbio na baiskeli yake, amechelewa misa yake mwenyewe, akasubiri pembeni na joho likipepea. Baba akampita. Alipofika upande wa pili akaniambia, "Nimemnyima padri njia." Alikuwa na huzuni ya kweli. Lakini hakusimama.

Hayo yote hukuyajua, na sikulaumu kwa kutoyajua. Nakulaumu kwa kutouliza.

Sasa ajali. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nane Oktoba, saa tatu kasorobo asubuhi, na nilikuwa na watoto kumi na tisa. Nilikuja kwa njia ya kanisani. Nilipunguza mwendo, nikatazama kushoto kama inavyotakiwa, nikaliona gari jeupe la baba ndani ya mzunguko, linakuja. Niliona hata indiketa yake ya kushoto ikiwaka. Nikamwinulia vidole viwili, nikaingia.

Umeelewa? Miaka minane nimepiga kelele, na miaka minane hiyo hiyo nimekuwa nikiingia mbele yake kama wengine wote. Kwa sababu atasimama. Kwa sababu nina haraka, na watoto wanachelewa, na ni baba yangu. Nyani haoni kundule. Nilimfundisha mzee kuacha mazoea yake, sikujifundisha kuacha yangu. Na usinitafutie visingizio vya ukungu. Hapakuwa na ukungu, na jua lilikuwa mgongoni mwangu.

Baba hakusimama. Alipita kama nilivyomfundisha, na haki yote ikiwa yake, na pua ya basi langu ikaingia kwenye mlango wake wa kulia, pale anapokaa Fernand siku za Alhamisi.

Watoto hawakuumia. Mmoja aliuma ulimi, ndiyo hayo tu, na namshukuru Mungu kila siku tangu hapo. Niliruka chini nikakimbilia gari. Vioo vilikuwa vimemjaa mapajani, ameshika bega, hana rangi usoni. Akanitazama, na neno lake la kwanza, Gildas, lilikuwa hili: "Maryvonne, umeona? Sikusimama."

Alikuwa na furaha. Mfupa umevunjika na ana furaha, kama mtoto aliyeogelea kwa mara ya kwanza.

Halafu akaliona basi. Akaona nyuso za watoto kwenye vioo, kisha akaniona mimi vizuri. Ile furaha ikamtoka taratibu.

Polisi walimkuta kwenye machela. Askari akamwuliza ilikuwaje. "Nilisimama," baba akasema. "Nilisimama ndani ya mzunguko kama kawaida yangu. Nikampungia binti yangu aingie, halafu mguu ukateleza kwenye breki, gari likaondoka." Askari hakushangaa hata kidogo. Ni mtu wa hapa hapa, na yeye amepishwa na baba mara mia. Ghislaine akatoka dukani na aproni yake, akaapa kwamba amemwona Armel kwa macho yake mwenyewe akisimama. Sidhani kama alidanganya. Aliona alichozoea kukiona.

Askari akanigeukia. "Ndivyo ilivyokuwa, mama?"

Baba akanikazia macho kutoka pale kwenye machela, yale macho yake ya karata, akanikonyeza jicho la kushoto. Mara moja, haraka, kama anavyomkonyeza Fernand.

Nikasema, "Ndivyo."

Hospitalini nilimwambia nakwenda kusema ukweli. Alikasirika mpaka muuguzi akaja mbio. "Umebakiza miaka mitano ustaafu," akaniambia. "Ukipatikana na kosa, na watoto ndani ya basi, hawatakupa tena hata toroli la kusukuma. Mimi nina nini? Maharage ya Noue." Nikamwambia ana Alhamisi. Akageukia ukuta. "Fernand amechoka na karata," akasema. Uongo mtupu, Fernand anapiga simu kila siku kuuliza lini.

Nikanyamaza tena. Siku ya tano akarudisha leseni kwa mkono wake mwenyewe, ule mzima. Lile gari jeupe halitengenezeki, lilikokotwa mbele ya duka la mikate watu wakitazama. Na sasa wale wale waliokuwa wakiingia mbele yake miaka minane wamejazana pale dukani wanasema tulisema sisi. Daktari anasema, mleta barua anasema. Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea, lakini hapa mazoea yalikuwa ya kijiji kizima na taabu ameachiwa mtu mmoja. Ghislaine alinipa mkate wa maziwa bure, akaniambia, "Pole, Maryvonne wangu. Na baba mkaidi vile, ungefanya nini?" Nilimshukuru. Unasikia? Nilimshukuru. Nikaenda nao nyumbani nikawatupia kuku wote.

Nilikuwa bado najiambia kwamba ni yeye aliyetaka, kwamba ninamtii tu. Ndipo wewe ukapiga simu. Ukamsomea mashtaka yangu mzee wa watu, naye akayapokea moja moja, ndiyo, ndiyo, na mara moja tu aligeuza uso upande wa jikoni kuona kama niko pale. Alikuwa anahakikisha kwamba sitasema. Sijawahi kukuchukia katika maisha yangu yote, Gildas, hata ulipoondoka na kuniachia mazishi ya mama peke yangu. Jumapili ile nilikuchukia kama dakika kumi. Kisha nikagundua kwamba nimekosea mtu, kama nilivyokosea barabarani.

Basi sikia. Kesho Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda kituo cha polisi. Ijumaa nilishamweleza mwajiri wangu na kumrudishia ufunguo wa basi, kwa hiyo hakuna wa kunirudisha nyuma, hata baba mwenyewe. Hajui bado. Atanitukana matusi ya jeshini, nami nitatukanwa. Sijui watanifanya nini. Huenda nisiendeshe watoto tena, na miaka ishirini na mbili ya kazi ile inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Wapo watoto niliowapeleka shule ambao sasa nawapelekea watoto wao. Lakini watoto wale kumi na tisa waliona kila kitu, wamekaa juu kuliko sisi sote. Msichana mmoja wa kiti cha mbele aliniuliza siku ya pili yake, "Bibi Maryvonne, kwani yule babu si alikuwa anapita tu?" Nikamwambia afunge mkanda.

Kama watamrudishia baba leseni sijui, itategemea daktari na hilo bega. Pengine hawatamrudishia. Gari hana. Alhamisi nitampeleka mimi, yeye na Fernand, kwa gari langu, kama nami nitaachiwa leseni yangu. Kama sivyo tutakwenda kwa miguu. Lakini lile jina nataka alirudishiwe, na pale dukani nitalitangaza mwenyewe, kwa sauti, saa za foleni ya mkate wa asubuhi.

Kutoka kwako nataka kitu kimoja. Barua hii ikikufika, mambo yatakuwa yameshasemwa huku. Siku hiyo hiyo mpigie baba. Usimwulize habari za bega. Usimwombe radhi kwa hotuba ndefu, ataweka simu chini. Mwulize swali moja tu: "Baba, siku ile ulisimama?" Kisha unyamaze. Ataagiza sahani na vijiko na sukari, atakueleza njia moja baada ya nyingine, na indiketa ya kushoto, na ya kulia, na padri na baiskeli yake, kwenye simu, ambako wewe huoni kitu. Itachukua muda. Usimkatize.

Nisalimie Line sana, mwambie soksi za sufu alizotuma, baba amezivaa mpaka zimetoboka na anataka nyingine, ila yeye hawezi kuomba. Maude mwambie shangazi yake anamkumbuka, na akianza kujifunza gari asijifunze kwa mtu yeyote wa ukoo huu. Fernand anakusalimu, amenisisitiza niandike hilo.

Mungu awakinge na baridi ya huko, awafikishe salama kila mtokapo, na awape moyo wa kumpisha mtu mahali panapostahili.

Baba naye anakusalimu. Hajui kwamba ninakuandikia, lakini tangu Jumapili ile, kila simu ikilia anauliza kama ni wewe.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira hizi,

Maryvonne